Drili ya Kusimama au Ruta? Ushauri kwa Vikundi vya Mafundi Wanaochonga Nyumbani

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa vikundi vya ufundi wanaoomba mkopo wa vifaa.)



 

Mezani kwetu yapo maombi ya mkopo wa vifaa kutoka kwa vikundi vya useremala na vya uchomeleaji. Karibu kila ombi linataja moja kati ya mashine mbili, drili ya kusimama au ruta, na fungu la kila kikundi linatosha mashine moja na vifaa vyake. Mbili haitoshi. Tulipoyasoma maombi hayo tulikuta maneno yanayofanana: mashine ni "kwa ajili ya kutobolea na kuchongea". Kutobolea tumekuelewa. Hilo neno la pili, kuchongea, ndilo lililotufanya tuwaiteni kabla hatujasaini hundi yoyote, kwa sababu kikundi kinachonunua mashine moja kikitegemea ifanye kazi ya nyingine kitabaki na deni bila mashine. Na deni hilo mmedhaminiana wenyewe kwa wenyewe: mbuzi wa jirani yako na shamba la mama yako vimo ndani yake.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Drili ya kusimama ni ile yenye nguzo, meza ndogo chini, mota nyuma, mkanda na puli juu, na mkono wa pembeni unaouvuta ili biti ishuke. Wengine huiita drili ya mezani. Ruta tunayoisema si ile ya intaneti. Ni mashine ya seremala ya kushika kwa mikono miwili, yenye mota iliyosimama wima na biti ndogo chini yake inayozunguka kwa kasi kubwa mno, ya kuchimbia mifereji na kutengenezea urembo wa kingo. Iko pia mashine ya tatu ambayo wengi wenu mliiona chuoni, mashine ya milingi. Hiyo ni nzito, kwa kawaida hutaka umeme wa njia tatu, na haingii katika ua wa nyumba wala katika mkopo huu. Lakini tusipoitaja hatutaelewana, kwa kuwa mnapoandika "kuchongea", wengi mnaifikiria hiyo.

Ukiitazama drili ya kusimama kwa mbali inafanana sana na mashine ya milingi. Ina kichwa juu na meza chini. Madukani siku hizi huuzwa pia meza ndogo ya kusogeza, yenye mikono miwili ya kuzungusha, moja ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya kwenda mbele na nyuma. Muuzaji atakwambia uifunge kwenye drili, uweke kisu cha milingi, na umekwisha kuwa na karakana kamili kwa bei ndogo. Maneno hayo yanavutia, hasa kwa kijana aliyetoka chuoni na cheti chake na hana mtaji. Tunawaomba msiyasikilize.

Sababu iko ndani ya mashine yenyewe. Drili imeundwa kusukuma kuelekea chini. Shafti yake na beringi zake zimechaguliwa kubeba mzigo wa wima, biti inapoingia katika chuma. Mashine ya milingi hukata kwa ubavu, na mzigo wake ni wa pembeni, tena wa kugonga-gonga, kwa sababu kila jino la kisu linaingia na kutoka. Ukiuweka mzigo huo juu ya drili, shafti inapinda kidogo, inarudi, inapinda tena. Kazi inatoka na mawimbi, na baada ya muda beringi zinalegea.

Hilo si baya kuliko yote. Mdomo wa drili, yaani kile kichwa chenye meno matatu kinachoshika biti, katika drili nyingi haufungwi kwa boliti wala kwa nati. Umekaa juu ya kipande cha chuma kilichonyooka kama karoti, kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, kilichosukumwa ndani ya shafti kikakamatana kwa msuguano tu. Mafundi huita umbo hilo tepa, na lililoenea zaidi huitwa tepa ya Morse, kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya biti ya msokoto mwaka 1863. Unapotoboa unaisukuma karoti hiyo juu, nayo inazidi kubana. Unapokata kwa ubavu unaitikisa, nayo inaachia. Mashine ya milingi ina boliti ndefu inayopita katikati ya shafti kutoka juu na kukivuta kishikio kisianguke. Drili ya kawaida haina.

Katika ziara zetu tulikuta kikundi kimoja, ambacho hatukitaji, kilichofanya hivyo hivyo. Mdomo ulidondoka ukiwa unazunguka, kisu kikavunjika, na kipande chake kikaingia katika ukuta wa tofali usawa wa kifua cha mtu. Hakuna aliyeumia. Drili ile ipo hadi leo, lakini inatoboa matundu yenye umbo la yai, na marejesho yanaendelea kulipwa kwa fedha za kuchomelea madirisha.

Basi mtu atauliza: kama kukata kwa ubavu ndiyo shida, si tuchukue ruta, ambayo kazi yake ni hiyo? Ni kweli, ruta imeundwa kwa mzigo wa pembeni. Biti yake haishikwi kwa meno matatu bali kwa koleti, yaani bomba fupi lililopasuliwa linalobana shingo ya biti pande zote, likakazwa na nati. Haidondoki ikifungwa vizuri. Hapo ruta imeishinda drili. Lakini inakuja na jambo lake, nalo ni kasi.

Chukueni kalamu. Kasi ya kukata ni kipenyo cha biti kwa milimita, mara 3.14, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 1000. Jibu ni mita kwa dakika. Chuma laini, hiki tunachotengenezea grili na bomba za mraba, kinakatwa vizuri na biti ya kawaida ya chuma cha kasi kwa mita 25 hadi 30 kwa dakika. Biti ya milimita 10 inafikia mita 25 ikizunguka mara 800 tu. Drili ya kusimama inaweza mwendo huo bila taabu, ukihamisha mkanda kwenye puli. Ruta nyingi zenye kurekebishwa kasi haziendi chini ya mizunguko 8,000 au 10,000. Ile biti ya milimita 10, kwa mizunguko 10,000, inakata mita 314 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya inayotakiwa. Ukiigusisha kwenye chuma, makali yanaungua kabla hujahesabu kumi, na cheche zinarukia uso wako. Biti ya kabaidi huvumilia zaidi, lakini ruta iliyoshikwa kwa mikono haina uzito wala ukakamavu wa kukata chuma, na kabaidi ikitikiswa inapasuka. Kwa hiyo ruta na chuma ni vitu viwili vya mbali. Hatutapitisha ombi linaloviweka pamoja.

Kwenye mbao hesabu inageuka. Mbao hutaka kasi kubwa ili nyuzi zikatwe zisichanwe. Biti ya milimita 12 kwa mizunguko 20,000 inakwenda mita 754 kwa dakika na kuacha uso laini usiohitaji msasa mwingi. Ukiichukua biti hiyo hiyo ukaifunga kwenye drili yenye mwendo wa juu wa 3,000, unapata mita 113 tu, na mninga wako utatoka na manyoya kama kuku aliyenyeshewa. Tumewaona mafundi wakiifanya kazi hiyo kisha wakailaumu mbao.

Alumini iko katikati, na tunaitaja kwa sababu vikundi vya mijini vinapata kazi nyingi za madirisha ya alumini. Bomba la dirisha ukuta wake ni mwembamba, na tundu la kitasa linaweza kukatwa kwa ruta, kwa biti ya kabaidi yenye jino moja au mawili, kwa mwendo wa chini kabisa, kidogo kidogo, kina kisichozidi milimita moja kila mpito, ukiongozwa na kigezo cha mbao ngumu kilichofungwa kwa klempu. Biti ipakwe nta ya mshumaa ili alumini isigande kwenye makali. Mafuta ya taa, ambayo mafundi wengi huyatumia kwenye drili, yasisogee karibu na ruta: mota yake ina makaa yanayotoa cheche ndani, na mafuta ya taa mnayajua.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe, maana mashine huchaguliwa kwa kazi iliyopo, si kwa picha ya kwenye boksi.

Vikundi vitatu vya uchomeleaji vimeandika kwamba vinataka kuchonga mifereji ya funguo kwenye shafti za mashine za kusaga nafaka. Hiyo ni kazi yenye fedha. Kila kijiji kina mashine ya kusaga, na shafti ikilika mfereji puli inateleza, na akina mama wanarudi nyumbani na mahindi yao kichwani. Tunaelewa kwa nini mmeifikiria, na hatutaki muiache. Lakini mfereji huo hauchongwi kwa drili wala kwa ruta. Unatengenezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuipeleka shafti kwenye karakana yenye milingi, chuo cha VETA kilicho karibu au karakana binafsi mjini, nanyi mkabaki na kazi ya kuifungua, kuipima, kuifunga na kuilinganisha. Malipo ya kazi hizo nne si madogo. Namna ya pili ni ya mikono: mnapiga mstari, mnatoboa safu ya vishimo kwa drili visivyofikia kina chote, kisha mnaondoa kilichobaki kwa patasi ya chuma na kumalizia kwa tupa huku mkijaribu funguo mara kwa mara. Ni polepole, lakini mafundi wa zamani waliendesha mitambo mikubwa kwa mifereji ya namna hiyo. Mtaona kwamba hata hapa drili ina sehemu yake, na sehemu hiyo ni kutoboa.

Kwa wachomeleaji, basi, jibu letu ni drili ya kusimama, na tunalitoa bila kusitasita. Mageti, bawaba, vitanda vya chuma, toroli, vyote vinataka matundu yaliyonyooka. Drili ya mkono hupinda, na biti zinazovunjika kila wiki ni fedha pia. Drili ije na jiriwa ya kufunga mezani. Fomu isiyo na jiriwa tutairudisha.

Kwa maseremala jibu si rahisi hivyo, na hapa tunaomba uvumilivu. Wengi wenu mmeandika mnataka ruta kwa ajili ya matundu ya ulimi kwenye fremu za milango. Ruta ya kuzamisha inayaweza, kwa mipito mingi ya milimita tatu hadi tano kila mmoja. Lakini tundu la ulimi la mlango mzito wa mninga au mkongo linakwenda chini sana, na biti nyembamba ndefu ndani ya mbao ngumu huungua au kuvunjika, nayo ni ghali na haipatikani kila wilaya. Kazi hiyo hiyo drili ya kusimama huifanya vizuri: mnatoboa matundu yanayogusana mstari mmoja, kisha patasi inasafisha pembe. Kikundi ambacho kazi yake kubwa ni fremu na viti, bila paneli wala urembo, kitafaidika na drili kuliko ruta, ingawa ni kikundi cha useremala. Tunajua hilo litawashangaza baadhi yenu.

Ruta inalipa pale penye mifereji ya paneli, kingo za kabati, urembo wa milango ya makanisa na madawati, na kazi za kurudia. Kazi za kurudia ndizo hasa. Mkipata oda ya madawati ya shule, mnatengeneza kigezo kimoja cha plaiwudi, mnafunga biti yenye beringi ndogo inayofuata kigezo, na dawati la mwisho linafanana na la kwanza. Tena ruta inaweza kugeuzwa chini juu na kufungwa chini ya ubao mnene wenye tundu, ikawa mashine ya mezani. Meza hiyo mtaitengeneza wenyewe, msikopee.

Tunataka kila kikundi kichukue daftari na kuandika, kwa wiki mbili, saa zilizotumika katika kila kazi: saa ngapi za kutoboa, ngapi za mifereji, ngapi za kingo, ngapi za kusubiri umeme. Bwana wetu alimtaja mjenzi wa mnara katika Luka 14, aliyepaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Daftari hilo ndilo litakaloamua, si mwenyekiti wa kikundi, na si ofisi yetu.

Kuhusu umeme. Drili ya kusimama kwa kawaida ina mota isiyo na makaa, mara nyingi ya wati 250 hadi 750. Inadumu, lakini wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kama kwenu umeme unapungua jioni, mota hiyo inanguruma bila kuzunguka, na isipozimwa inaungua. Jenereta yake iwe kubwa, angalau mara tatu ya wati za mota. Ruta hutumia wati nyingi zaidi, 1,000 hadi 2,000 na kuendelea, lakini huwaka kwa urahisi zaidi, na makaa yake yakiisha hubadilishwa kwa bisibisi.

Wako pia waliopewa au wanaotarajia mashine kutoka kwa sharika rafiki za Marekani. Tunawashukuru sana marafiki hao. Lakini mashine ya kule ni ya volti 120, na kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja inakufa siku hiyo hiyo. Transfoma inapunguza volti lakini haibadilishi hezi: kule ni 60, kwetu ni 50, kwa hiyo drili yao itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na mota itapata joto zaidi. Na ruta ya Marekani ina koleti ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Biti ya milimita 6 kutoka dukani kwetu itaingia humo, na utadhani imebana. Haijabana. Itatoka ikiwa kwenye mizunguko 20,000. Koleti na shingo ya biti viwe vya kipimo kimoja daima.

Tumalizie na miili yenu, maana vidole havina mkopo wa pili. Hakuna glavu kwenye mashine inayozunguka. Glavu ikinaswa inaingia na mkono. Mikono mirefu ikunjwe, na dada zetu wenye nywele za kusuka wazifunge ndani ya kitambaa. Bati lisishikwe kwa mkono chini ya drili, kwa kuwa biti ikilinasa linazunguka kama pangaboi. Ufunguo wa mdomo wa drili utoke kabla ya swichi. Ruta isukumwe dhidi ya mzunguko wa biti: kwenye ukingo wa nje ulio mbele yako, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukienda kinyume itajivuta yenyewe ikutoroke. Miwani ni ya lazima kwenye zote mbili, na masikio yazibwe kwenye ruta. Vumbi la mbao nalo si la kudharau. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ruta hutoa vumbi laini kuliko msumeno. Fanyieni kazi penye upepo, si sebuleni, na watoto wasilale karibu.

Utaratibu ni huu. Fomu mpya ziko kwa katibu. Kila fomu irudi na daftari la wiki mbili, bei kutoka maduka matatu, na ndani ya bei hizo ziwemo jiriwa, klempu, biti na miwani, kwa sababu mashine bila hivyo ni pambo. Mahali palipoandikwa "matumizi" mtaje kazi kwa jina lake. Mwalimu wa karakana amekubali kuwasaidia wale ambao hesabu ya kasi imewachanganya.

Chai iko tayari. Baada ya chai tutakwenda karakana, ambako kuna kipande cha mninga, kipande cha bomba la alumini, drili moja na ruta moja, na kila kikundi kitoe mtu wa kujaribu. Maswali tutayajibu hukohuko mbele ya mashine.